Manifodi ya mjomba, na hili neno "feki"

Wikiendi nilikuwa Mkuyuni kwa mjomba, nimerudi hapa SUA jana jioni na kucha bado zina grisi, hadi jamaa wa rumu wananiuliza kama nimeacha shule. Kuna kitu kimenikera, wacha nikimwage hapa.

Mjomba ana Corolla 110 ya mwaka 1998. Kwa mtu wa mjini ni mkweche tu. Kule ndiyo inateremsha ndizi na mananasi kwenda sokoni Morogoro, na ndiyo inayofuatwa saa nane za usiku mgonjwa akizidiwa. Na mnaotujua Waluguru mnajua mjomba kwetu si mtu wa kuonekana kwenye harusi tu. Ada yangu, sehemu kubwa, imetoka kwenye buti la gari ile.

Sasa mwezi mzima gari inamisi. Sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na nyuma ya injini kuna mlio wa "ssss" kama tairi linavuja. Fundi wa kwanza akabadili plagi. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Wote wamelipwa, gari iko vilevile. Mimi nikachukua maji ya sabuni, nikanyunyizia pale manifodi ya kuingizia hewa inapokutana na injini. Mlio ukakata, injini ikatulia sekunde chache, halafu ikaanza tena. Hapo hakuna uchawi, ni gasketi.

Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Hewa ikijipenyeza jirani na silinda moja, silinda hiyo inabaki na hewa nyingi na mafuta kidogo, ndipo inamisi. Mbaya zaidi, hewa hiyo haijapita kwenye filta. Vumbi la barabara ya Kiroka hadi Mkuyuni linaingia moja kwa moja kusaga ringi!

Haya, nikaenda mjini dukani. Kuna gasketi yenye boksi la Toyota, na kuna ya kampuni nyingine, imeandikwa jina lake lenyewe, bei nusu. Nikampigia rafiki yangu mmoja (anajijua), akapiga kelele kwenye simu: "Usinunue feki wewe!"

Hapo ndipo penye hoja yangu. Si kila kisicho orijino ni feki jamani. Feki ni kitu kinachodanganya jina: kimetengenezwa uchochoroni halafu kimevalishwa boksi la Toyota. Ndiyo maana tuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani inakamata hayo mambo. Lakini kampuni inayotengeneza gasketi na kuiuza kwa jina lake imedanganya nini? Hata Toyota wenyewe hawatengenezi kila kitu, vitu vingi wananunua kwa Denso, Aisin na wengine. Mimi ningeogopa zaidi lile boksi la Toyota linalouzwa kwa bei ya karanga. Na mtumba je? Manifodi yenyewe nunua mtumba, ni alumini, kagua nyufa, basi. Gasketi ya mtumba hapana, ikishabanwa mara moja kazi yake imekwisha.

Nikachukua ile ya nusu bei. Mjomba akaitazama, akaniambia (sisi tunaitana hivyohivyo): "Mjomba, wewe si unasomea kilimo?"

Jumamosi, chini ya mwembe. Nikachomoa betri, nikafunga vikaratasi vyenye namba kwenye kila paipu, nikaziba matundu kwa matambara, maana nati moja ikidondokea ndani umenunua injini. Manifodi kutoka, nikakuta nini? Kipande cha boksi la biskuti kimekatwa kwa mkasi na kupakwa gundi pande zote. Kumbe shida ya mjomba ilikuwa biskuti.

Kukwangua ile gundi kulinimaliza. Alumini ni laini, ukitumia bisibisi kwa hasira unaikwaruza na hewa itapita tena. Giza likaingia kabla sijamaliza.

Na usiku huohuo, hodi. Jirani amembeba mtoto, anachemka homa, anaweweseka. Gari iko wazi, manifodi iko kwenye gunia. Akatafutiwa pikipiki, wakaondoka watatu kwenye baridi ile. Mjomba hakuniambia kitu. Alichukua tochi, akasimama pale kwenye boneti, akanimulikia.

Kwa hiyo kwenye gasketi narudia, nilikuwa sahihi. Lakini kufungua gari pekee ya mtaa bila kuuliza kwanza kama kuna nyingine ya akiba usiku ule, hapo nilikosea, na hakuna fundi wa kumsingizia.

Nilikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu, kidogo kidogo. Zile za nyuma huzioni, unapapasa tu. Alfajiri ikawaka. Sailensa imetulia, nikanyunyiza sabuni, kimya. Mjomba hakungoja hata chai, akaingia kwenye gari kwenda kuwafuata hospitali. Saa nne wakarudi wote, mtoto amelala kwenye siti ya nyuma juu ya khanga.

Nina testi kesho saa mbili na sijafungua daftari.