Tetekuwanga Haiishi Vipele Vikikauka

Mwaka huu nimewaachia wenzangu mashairi na michezo. Mimi nataka tuzungumzie ugonjwa ambao sisi watu wa bweni tunaudharau sana: tetekuwanga.

Wengi hudhani kwamba mtu akishaugua utotoni, amemalizana nayo. La hasha! Vipele hukauka, lakini virusi haviondoki mwilini. Hujificha katika neva karibu na uti wa mgongo, vikalala humo hata miaka 50. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Uzee ukifika, au kinga ya mwili ikidhoofika, vinaamka na kutokea kama mkanda wa jeshi. Thomas Weller, mtaalamu wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba magonjwa hayo mawili yana kirusi kimoja.

Ati ni vipele tu? Ngoja kwanza. Kirusi hiki ni cha jamii ya hepesi, na mara chache huuvimbisha ubongo. Lakini hakifanyi vilevile mara zote mbili. Mtoto anayeugua kwa mara ya kwanza anaweza kuanza kupepesuka kama mlevi, hata kikombe kikamshinda kushika. Ni ile sehemu ya nyuma ya ubongo, inayosawazisha mwendo, ndiyo imeguswa. Aghalabu vurugu hiyo huletwa na kinga ya mwili yenyewe. Apelekwe hospitali, naam, lakini watoto wengi hupona kabisa baada ya wiki chache.

Kwa nyanya mambo ni mengine. Kirusi kilichoamka hufuata neva hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo na kuivimbisha. Mshipa ukiziba, ni kiharusi, pengine wiki au miezi baada ya vipele kupona, hasa vikiwa vilitokea karibu na jicho. Wengine hupata homa, kichwa kikawauma, wakaanza kusema yasiyoeleweka. Na wapo wasiotoka kipele hata kimoja! Hapa hakuna kungoja. Daktari hupima maji ya uti wa mgongo, na dawa ya asaikloviri hutiwa kwenye mshipa mapema iwezekanavyo.

Sasa huko nyumbani tunafanya nini? Mzee akipayuka, majirani wananong'ona ati amerogwa. Akionekana na mkanda wa jeshi, kesi imekwisha: ana Ukimwi. Ni kweli virusi vya Ukimwi hudhoofisha kinga, na kupimwa ni busara. Lakini umri pekee unatosha kukiamsha kirusi hiki. Minong'ono hii ndiyo inayomfanya mgonjwa ajifungie chumbani huku saa zikipotea.

Likizo hii ukimkuta babu ana vipele upande mmoja wa uso, usimwulize amekosana na nani kijijini. Mwulize kama kichwa kinamuuma, kisha mtafutie gari la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.