SHULE ZA VIPAJI NI MALI YA UMMA

Hapana mzazi asiyetamani mtoto wake apate elimu iliyo bora. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanapotangazwa, wazazi wengi hutazama kwanza orodha ya shule saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, na shule mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Hizo ndizo shule za Serikali ziitwazo za vipaji maalumu. Huchukua watoto waliowashinda wenzao katika mtihani wa darasa la saba, na watoto hao hulala bwenini, mbali na kwao.

Watoto wanaofanya mtihani huo kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja. Nafasi katika shule hizo ni chache mno. Madhali gharama yake hutoka katika kodi ya mkulima wa pamba, ya kuli wa bandarini na ya mwalimu wa kijijini, ni haki ya watu hao kuuliza: Je, shule hizi zinatufaa? Na mzazi aliyebahatika, je, ampeleke mwanawe?

Kwanza tukumbuke zilikotoka. Shule ya Tabora ilifunguliwa na wakoloni mwaka 1925, na nia yao ilikuwa kuwasomesha wana wa machifu, ili wapate watu wa kuwasaidia kututawala. Lakini elimu haina utii kwa bwana aliyeitoa. Mwalimu Julius Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937, akitoka shule ya Mwisenge, Musoma. Ndugu Rashidi Kawawa, aliyekuja kuviongoza vyama vya wafanyakazi na kuwa Waziri Mkuu, naye alisoma Tabora. Shule iliyojengwa ili kuulinda utawala wa kigeni ikatoa watu waliouondoa.

Kibaha ina asili nyingine. Ilitokana na mapatano ya mwaka 1962 kati ya nchi yetu na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Pale hapakujengwa shule peke yake, bali pia kituo cha afya na kituo cha kuwafundisha wakulima. Na mwaka 1970 mradi wote ukakabidhiwa kwetu. Maana yake ilikuwa kwamba mwanafunzi asisome akiwa amelipa kisogo shamba na hospitali. Wazo hilo lingali na maana hata leo.

Sasa tupime faida. Mtoto mwenye akili nyepesi akiachwa katika darasa la watoto wengi mno, pasipo maabara wala mwalimu wa fizikia, huweza kufifia kama taa iliyokosa mafuta. Katika shule ya vipaji hukutana na wenzake wa kumshindanisha, hupata saa za kusoma usiku, na huepukana na mwendo mrefu wa kila asubuhi. Kwa mtoto wa kike faida huzidi: tatu kati ya shule hizo saba ni za wasichana, na bweni humwokoa na kazi za nyumbani zisizokwisha na vishawishi vya njiani. Tena mtoto wa Kigoma hulala kitanda kimoja cha ghorofa na mtoto wa Mtwara au wa Mara, wakajuana kuwa ni ndugu. Umoja wa taifa letu haukujengwa kwa hotuba tu. Mabweni nayo yaliujenga.

Lakini hasara pia zipo, na si uungwana kuzificha. Mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne angali anahitaji jicho la mama na neno la baba. Aliyekuwa wa kwanza kijijini hujikuta wa hamsini miongoni mwa wa kwanza wenzake, na wako wanaovunjika moyo. Wengine hupatwa na ugonjwa ulio kinyume chake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana anayeambiwa kila siku kuwa yeye ni kipaji aweza kuanza kumdharau mzazi wake asiyejua Kiingereza.

Ipo hasara nyingine, nayo ni ya wale wanaobaki. Wananchi walipojitolea mchanga, mawe na nguvu zao kujenga shule za kata, idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka chini ya 2,000 mwaka 2005 hadi kupita 4,000 mwaka 2010. Hiyo ni kazi kubwa. Walakini tukiziondolea shule hizo watoto wepesi wote, na walimu hodari nao wakawafuata, tutakuwa tumewajengea wengi kuta bila moyo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Mwalimu alionya kwamba tulikuwa tukiwafundisha watoto wote kwa ajili ya asilimia 13 tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Milango ya sekondari sasa imepanuka sana, lakini onyo lile halijachakaa. Elimu inayotumikia wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa si elimu ya watu huru.

Na wenzetu wa Marekani wameonja jambo hili. Baada ya Mahakama Kuu yao kukataza mwaka 1954 ubaguzi wa rangi katika shule za umma, baadhi ya miji ilianzisha shule zenye mafunzo ya pekee ili ziwavute watoto wa rangi zote, mithili ya sumaku. Ya kwanza ilikuwa katika mji wa Tacoma, mwaka 1968. Nia ilikuwa njema: kuwachanganya waliotengwa. Nyingi huchagua watoto kwa bahati nasibu, nyingine kwa mtihani. Lakini mahali pengine imeonekana darasa la wateule likiwekwa ndani ya shule ya mtaa wa maskini, wanafunzi wakipita lango moja na kutengana mlangoni mwa darasa. Kwao funzo ni hili, na kwetu pia: shule ya pekee huunganisha watu au huwatenga kwa kadiri ya njia inayotumika kuwachagua wanaoingia.

Hapo ndipo penye hofu yetu. Mtihani ni mmoja, lakini matayarisho si mamoja. Mtoto wa tajiri husoma shule ya kulipia tangu utotoni, hufundishwa kwa Kiingereza, na jioni hupata mwalimu wa ziada. Mtoto wa mfagia barabara husoma darasa lililojaa, akirudi nyumbani huteka maji. Wakipata alama zilizo sawa, hakika yule wa pili ndiye aliyekimbia mbio ndefu zaidi. Je, ni haki shule iliyojengwa kwa kodi ya wote ijae watoto wa wale wawezao kujinunulia nafasi kwingine?

Maoni yetu ni haya. Shule za vipaji zisifutwe, maana kulibomoa jumba zuri hakumpi maskini nyumba. Bali ziwe za umma kwa vitendo. Desturi ya kugawa nafasi kwa mikoa na wilaya, tuliyoijua tangu miaka ya 1970, ilindwe, na watoto wa shule za msingi za Serikali wahesabiwe kwanza. Maabara na walimu wa shule hizo wazisaidie shule za kata zilizo jirani. Tena tuzidi kuacha tabia ya kuzishindanisha shule kama farasi. Baraza la Mitihani lilifanya vema Januari 2023 lilipoacha kutangaza shule kumi bora.

Kwa mzazi tunasema: mtazame mtoto wako kabla hujatazama jina la shule. Akiwa imara na mwenye hamu, mwache aende, umwandikie, umtembelee uwezapo, na likizoni umpe jembe kama nduguze. Akiwa dhaifu wa afya au mwenye kuhitaji malezi ya karibu, kumbakiza shule ya kata si kumpoteza, ili mradi mzazi ashirikiane na walimu.

Na kwa viongozi wa matawi lipo neno moja la mwisho. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini nauli, godoro, shuka, ndoo na sare havikuondolewa. Mtoto wa mjane aliyeshinda maelfu katika mtihani asishindwe na godoro. Kila tawi lijue ni nani katika eneo lake amechaguliwa na hana uwezo, lichangishane, limfikishe shuleni siku ya kufungua. Hiyo ni kazi ya chama cha wakulima na wafanyakazi, nayo haihitaji kungoja amri kutoka juu.