Majina Yaliyomo Katika Daftari la Babu

Apitaye Barabara ya Jomo Kenyatta mjini Mombasa huziona sanamu za askari Waafrika, zilizowekwa na Waingereza baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Chini yake pana maandishi ya Kiarabu, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na ndani yake mna ahadi: kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling. Kwa upande wa ufundi siyatii ila, maana nami ni mtu wa mashairi. Lakini lizunguke jiwe hilo lote, msomaji wangu, ulitafute jina moja la askari, au la mpagazi mmoja tu. Hulioni.

Wala si kwamba jina liliwaponyoka kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti, ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Huenda hata wakafika 350,000, ilisema ripoti hiyo. Basi ahadi imechongwa, na majina hayakuchongwa.

Mimi nimeyaona majina ya askari mahali pengine: katika daftari la babu yangu mzaa baba, lililokuwa ndani ya sanduku la bati la shangazi yangu.

Babu hakuwa mtu wa vita vile vya kwanza, maana wakati huo alikuwa mtoto mchanga. Yeye alikwenda vita vya Bama, nchi iitwayo leo Myanmar, akiwa dereva wa lori katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ukimwuliza kwa nini alikwenda, hakusema kwa sababu ya Mfalme wala nini. "Nilifuata mshahara," alikuwa akijibu, kisha akiuliza kahawa. Kwanza walipelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, wakafunzwa vita vya msituni. Mji wa Colombo aliupenda kwa msikiti mmoja wa mtaa wa Pettah, wenye mistari myekundu na myeupe, ambao alikuwa akituchorea mchangani kwa ncha ya bakora. Katikati ya mwaka 1944 wakaingizwa bonde la Kabaw, mvua za masika ya huko zikinyesha usiku na mchana, malori yanazama matopeni mpaka ekseli, na malaria inaangusha watu kuliko risasi.

Sasa ndipo linapoanza daftari. Ramadhani ya mwaka 1363 wa Hijria iliandama mwezi wa Agosti 1944, katika mvua hizo hizo. Babu alikuwa msafiri na mara mgonjwa, na msafiri na mgonjwa sheria imewapa ruhusa ya kula, wakalipe baadaye. Akala, lakini kila siku aliyokula aliiandika. Na Ramadhani ya 1945 hivyo hivyo. Jumla siku 41. Kila moja imekatwa kwa mstari wa wino wa rangi nyingine, na shangazi anasema alizimaliza kuzilipa kabla ya yeye kuzaliwa, akifunga huku anabeba magunia Kilindini.

Geuza daftari upande wa pili, utakuta watu. Majina 26, na kila jina lina kwao na namna lilivyoondoka. Matano ni ya waliozama katika meli ya Khedive Ismail, iliyotoka hapa hapa Kilindini ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika mbili hivi, na karibu watu 1,300 wakaangamia, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mbele ya kila jina la Mwislamu babu ameandika neno moja, Fatiha. Mbele ya wasiokuwa Waislamu hakuandika hivyo. Ameandika wema waliomtendea. Huyu alinigawia maji. Huyu alinisukumia lori. Kwa mmoja, Mkamba, alipanda gari la moshi baada ya vita akaenda mpaka Machakos kuwaambia wazee wake mtoto wao alivyokufa, kwa nauli yake mwenyewe.

Nauli yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Habari zilizofichuliwa mwaka 2019 kutoka hati za Waingereza zilionyesha kuwa bahashishi ya kuagwa jeshini ilipimwa kwa rangi ya ngozi, hata Mzungu akapata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Babu hakuhitaji hati. Januari 1947, makuli na wafanyakazi wengine wa Mombasa wapatao 15,000 walipogoma, naye alikuwamo, akienda kila siku kusikiliza hotuba Kiwanja cha Maskini. Katika daftari mgomo umepata mstari mmoja tu: "Leo hatukwenda kazini." Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu, mtu asiyepoteza wino.

Lakini kila mwezi wa Shaabani alitukusanya nyumbani, wakubwa kwa watoto, tukasoma Yasini, naye akayataja majina ya daftari mpaka mwisho, pole pole. Alifanya hivyo mpaka mwaka aliokufa, 1985, nami nikiwa ningali chuoni.

Juzi barazani, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliniambia kwamba wale walimpigania mkoloni, na kuwakumbuka ni kumtukuza mkoloni. Nikamwambia, mwanangu, mkoloni amekwisha kujitukuza kwa shaba na mawe, hana haja na Yasini yetu. Aliyekufa matopeni Kabaw kwa sababu alitaka mshahara wa kuoa, huyo ni wetu, na kama sisi hatulijui jina lake basi tumekubaliana na lile jiwe.

Mimi naamini madaftari ya namna hii yapo mengi, Lamu, Mambrui, Vanga, katika masanduku na juu ya dari. Linaloniogopesha ni maandishi. Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake. Mashairi ya Muyaka yasingetufikia leo lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya na kuyaandika kwa herufi hizo hizo. Sasa tunao watoto waliohitimu msahafu wote, sauti zao zinaliza watu msikitini, na ukiwapa barua ya babu yao hawaisomi! Walimu wa madrasa wakitoa nusu saa tu kwa juma, mtoto aliyekwisha zijua herufi atafika. Hapana gharama ya kununua kitu.

Nami najua ugumu wake. Babu hakutia irabu, na be yake moja mara ni b, mara ni p, mara ni mb. Jina la Kiarabu nitalikisia, lakini jina la Mkamba au la Mluo nitalijuaje? Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya Alasiri nakwenda kwa shangazi na daftari. Umri wake umefika miaka 78 na macho yake hayaoni herufi tena, lakini majina aliyasikia Shaabani zote za utoto wake. Nikisoma vibaya hunikatiza, akalitamka lilivyo, nami nikaliandika. Tumefika jina la 19.