Kitunga cha Bonane: nyungu ya mama Mutwa tuilipe bei gani?

Ninataka kusema juu ya kado za Bonane, hata kama mwezi wa 12 uko mbali. Mutu anayetaka kuuza kado mwezi wa 12 anaanza kazi mwezi wa 6, wakati wa kiangazi. Lakini mbele ya kusema namna ya kuanza, niwaambie kwanza namna mimi mwenyewe nilikosea.

Kuko koperative moja ya kahawa, upande wa Kalehe, ninayoisindikiza. Mwaka moja tulitengeneza karto 60 za Bonane. Ndani tuliweka kahawa ya kukaangwa, chupa ya asali, na nyungu ndogo ya udongo iliyofinyangwa na mama Batwa wa kilima cha jirani. Juu ya karto tuliweka foto ya mama mumoja na maneno ya kusaidia Batwa. Foto nilipiga mimi. Karto moja tuliuza dola 15, na mbele ya Noeli zote zilikuwa zimekwisha. Tulifurahi, tukapiga makofi mu mkutano.

Mwezi wa 1 nilipita kule kilimani. Yule mama alikuwa ameona karto moja kwa mutu aliyetoka Bukavu. Aliniuliza kwa upole, bila kukasirika: «Agronomu, ile foto yangu muliuza bei gani?»

Sikuwa na jibu. Usiku nilifungua kaye ya mahesabu. Nyungu tulizinunua franka 1.000 moja, bei ya soko la kijiji. Nyungu 60 ni franka 60.000, na wakati ule dola ilikuwa franka 2.800. Ni kusema dola 21 na kitu. Karto zenyewe, zilizochapwa mjini, zilitugharimu dola 2 moja: dola 120. Mu mauzo ya dola 900, makaratasi yalipata zaidi ya mara tano ya feza waliyopata mama ambao jina lao ndilo liliuzisha. Hatukuwaiba, bei waliikubali. Lakini tuliwatumia.

Juu ya nini waliikubali? Sisi wa huku tunajua. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi mule mu musitu walitolewa bila kupewa mashamba mengine. Leo wengi wanalima kwa siku mu mashamba ya wengine, na kati ya hao wengine tuko sisi. Mutu asiye na shamba hawezi kungojea bei nzuri. Anauza leo juu watoto watakula leo. Mukulima wa kahawa ambaye aliuza maua mutini, mbele ya mavuno, anajua uchungu ule.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: biashara ya kado ni nzuri, tuifanye. Lakini tuifanye na Batwa kama wafanyabiashara wenzetu, isiwe kwa jina lao tu. Mambo manne yanatosha kwa kuanza.

La kwanza, tuache karto. Mama Batwa na mama wengine wa kwetu wanajua kusuka vitunga. Kitunga chenyewe kiwe ndiyo kisanduku. Feza iliyokuwa inaenda kwa muchapaji wa mjini inabaki kilimani, na mununuzi anabaki na kitu atakachotumia mwaka mzima. Nyungu tuifunge na majani makavu ya mugomba. Hata mu gari ya barabara yetu haipasuke ovyo.

La pili, bei iwekwe na anayetengeneza. Tukae chini tuhesabu pamoja: siku ya kuchimba udongo, siku ya kufinyanga, siku za kukausha, kuni za kuchoma, na zile zinazopasuka motoni. Kisha nusu ya feza itolewe siku ya komande, nusu siku ya kupokea vitu. Isiwe «mungojee tumalize kuuza». Sisi wenyewe tunalia kila mwaka juu ya wanunuzi wa kahawa wanaochukua muzigo na kulipa kisha miezi. Tusifanyie wengine lile tunalokataa kufanyiwa.

La tatu, wawe na sauti. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inaongoza pia koperative za Kongo, inaruhusu watu 5 tu kuunda koperative ya namna nyepesi. Mama 5 wafinyanzi wanaweza kuwa na yao, wakaandika mukataba na yetu. Ao waingie mu koperative yetu kama wanamemba, parti sosiali walipe kidogo kidogo, wanyooshe mukono mu mkutano kama sisi. Kuko pia sheria namba 22/030 ya tarehe 15/7/2022, inayolinda na kuinua haki za watu wa asili Wapigme mu inchi yetu. Sheria ni nzuri, lakini haiwezi kukuja kukaa mu mkutano wetu wa siku ya posho. Kiti ni sisi tutakitoa.

La ine, foto na jina. Hakuna foto bila ruhusa, na mwenye foto aone mbele namna itakavyotumiwa. Mu etikete tuandike jina la aliyefinyanga, kama akitaka, na kijiji chake. Maneno ya kuombaomba tuyatoe kabisa. Mutu ananunua kwa huruma mara moja; mwaka unaofuata huruma inaenda kwingine. Anayerudi ni yule ambaye nyungu yake ilipika maharagwe bila kuvuja.

Ndiyo maana mambo ya ubora tusiyaregeze. Kila nyungu ijazwe maji usiku mzima, inayovuja inabaki. Asali ichukuliwe wakati masega yamefunikwa sehemu kubwa, isipikwe motoni, na maji ndani yake yasipite asilimia 20, juu ikipita inachacha na chupa inatoka povu mbele ya mukubwa wa ofisi. Kahawa ya parche ikaushwe mupaka asilimia 11 ao 12, ikaangwe juma lile la kufunga vitunga, si mwezi mbele. Na kitu chochote cha kutoka mu hifadhi, hata kama ni mukeka ao asali, tusikikomande: mukulinzi hatafunga koperative, atafunga yule Mutwa aliyetumwa.

Sasa mahesabu. Tuseme tunaanza na vitunga 30 tu. Kitunga dola 3, nyungu dola 3, kahawa gramu 250 dola 3, asali gramu 250 dola 3, etikete na majani nusu dola, usafiri dola 1. Jumla dola 13 na nusu. Tukiuza dola 17, koperative inabaki na dola 3 na nusu kwa kila kimoja: dola 105 kwa vyote. Mama wa vitunga na nyungu wanapata dola 180, na 90 kati yake zinapatikana mbele, wakati wa kununua kaye na uniforme za watoto. Bei za kwenu zitakuwa zingine. Mubadilishe tarakimu, lakini muhesabu kwa njia ile ile, mbele ya wote.

Ile avance ya dola 90 itatoka wapi? Tusiikope. Tutengeneze vitunga 2 vya kuonyesha, tuvipeleke mwezi wa 8 mu parokia, mu masomo, mu maofisi ya Bukavu na Goma, na tuombe anayekomande alipe nusu. Tarehe 9 mwezi wa 8 ni siku ya dunia nzima ya watu wa asili. Maofisi mengi yanatafuta siku ile kitu cha kununua. Kisha Bonane, kuko tarehe 8 mwezi wa 3, siku ya wanawake, na tarehe 30 mwezi wa 4, siku ya walimu. Nyungu zifinyangwe kiangazi, wakati zinakauka vizuri, zingojee mu depo.

Ninajua maneno ninayoambiwa mu mikutano. «Batwa wakipata avance watakunywa.» Wandugu, ni nani kati yetu hajakula avance ya kahawa mu arusi ao mu pombe? Dawa ni ile ile kwa wote: mukataba, kaye, na komande ndogo ya kwanza. «Watachelewesha.» Inawezekana. Lakini muulize juu ya nini. Pale kwetu walichelewa juu mwenye bonde la udongo aliwakataza kuchimba mupaka wamulimie siku tatu. Hii ni kazi ya koperative: kama tunavyokodi shamba la bwasa, tukodi kipande cha bonde, udongo uchimbwe bila kuomba. Ni feza kidogo, na bila udongo hakuna nyungu, hata tuwe na komande 500.

Wengine wanasema: «Sisi pia ni masikini, nani atatusaidia?» Neno lile ni la kweli, na silicheki. Lakini muangalie mahesabu: mu kila kitunga, kahawa na asali ni zetu. Kahawa peke yake iko mu kila butike ya Bukavu. Ni nyungu na kitunga vinavyofanya mutu aache ya butike anunue yetu. Hatuwape Batwa sadaka. Ni wao wanatufungulia mulango wa soko.

Mimi nilisoma udongo, mbegu na magonjwa ya mimea. Mu masomo hawakunifundisha namna ya kujibu yule mama. Mwaka uliofuata nilirudi kwake na kaye, nikamuonyesha mahesabu yote, hata dola 120 za karto. Aliangalia sana, kisha akasema: «Nyungu, dola 3. Foto, hapana.»

Tulikubali. Na nyungu zake 30 hazikuvuja hata moja.

Mu mkutano wenu unaokuja, mbele ya kuchagua rangi ya etikete, mualike mama wafinyanzi wa kilima chenu, muwape kiti, na muwaulize bei.