Alps kwa baiskeli: tuache kuulizana "kilomita ngapi?"

Leo nataka kugombana kidogo na watu wa kazi yangu, yaani waandishi wa programu. Ugomvi wenyewe ni kuhusu programu zinazopanga njia za baiskeli, na ushahidi nautoa kwenye milima ya Alps, kwa sababu huko ndiko programu mbovu inakoumbuka mapema.

Chukua njia mbili zinazojulikana sana na watu wa safari ndefu za baiskeli. Ya kwanza ni Route des Grandes Alpes, inayoanzia Thonon-les-Bains kando ya Ziwa Geneva na kushuka hadi bahari ya Mediterania upande wa Nice, yote ndani ya Ufaransa. Ya pili ni Via Claudia Augusta, inayofuata barabara ya kale ya Warumi kutoka Donauwörth nchini Ujerumani, ikapita Austria na kuingia Italia hadi karibu na Venice. Kila moja ina urefu wa karibu kilomita 700. Kwa programu inayojua kilomita peke yake, hizo ni safari mapacha.

Sasa tazama undani wake. Via Claudia Augusta inapanda hadi takriban mita 1,500 pale Reschen, na baada ya hapo sehemu kubwa ni kuteremka na mto Adige katikati ya mashamba ya tufaha. Route des Grandes Alpes inavuka Iseran wenye mita 2,764, barabara ya lami iliyo juu kuliko zote zinazovuka mgongo wa mlima katika Alps, kisha inaendelea kupanda na kushuka vipito vingine vingi hadi jumla ya kupanda izidi mita 15,000. Babu mwenye afya na mjukuu wake wataifurahia ile ya kwanza. Hii nyingine itamla mtu asiyejiandaa.

Utaniambia, "Lakini ndugu, programu za leo zinaonyesha pia jumla ya mwinuko na wastani wa mwinamo." Kweli, zinaonyesha. Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia hasa.

Tuchukue kipande kimoja tu: kutoka mji wa Saint-Michel-de-Maurienne hadi kipito cha Galibier. Unaanzia mita 712, unamaliza mita 2,642, umbali ni kilomita 35 hivi. Gawanya, utapata wastani wa asilimia 5.5. Si mbaya, sivyo? Lakini hakuna barabara kama hiyo pale. Kwanza unapanda Télégraphe, kilomita 12 za asilimia 7. Halafu barabara inashuka karibu kilomita 5 hadi kijiji cha Valloire na kukupokonya zaidi ya mita 160 ulizokwisha kuzilipia kwa jasho. Kisha zinakuja kilomita 18 nyingine, na 8 za mwisho zinazidi asilimia 8, mahali ambapo hewa imeanza kuwa nyepesi. Ile asilimia 5.5 imepatikana kwa kuchanganya mteremko na mapando. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba mto una kina cha wastani cha mita moja, avuke tu.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ni kwa watu wa tarakilishi. Mwendeshaji, baiskeli na mifuko ya mzigo tuseme ni kilo 110. Mtu wa kawaida, si mwanariadha, anaweza kusukuma wati 120 kwa muda mrefu. Kwenye mwinamo wa asilimia 8 wati hizo zinampa mwendo usiofika kilomita 5 kwa saa, yaani anakwenda sawa na mtu anayetembea kwa miguu! Hata akiwa na gia ndogo kabisa, ya meno 22 mbele na 34 nyuma, miguu yake inazunguka kama mara 58 tu kwa dakika. Kuinua mzigo wote huo hadi Galibier kutamchukua zaidi ya saa 5 za kukanyaga, bila kuhesabu mapumziko. Programu inayokadiria kilomita 15 kwa saa itamwambia saa 2 na dakika 20.

Tofauti hiyo si ya kuchezea. Hali ya joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Bondeni zikiwa nyuzi 25, juu ni 12 hivi, na hapo unaanza kuteremka kwa kasi ukiwa na fulana iliyolowa jasho, upepo unakukata, na vidole vinavyotakiwa kushika breki vimekufa ganzi. Aliyepanga kufika saa nane mchana akafika jioni, giza likiingia, yuko hatarini, na waliomponza ni ramani na mwandishi wake.

Na hiyo jumla ya mwinuko yenyewe inatoka wapi? Programu nyingi zinategemea vipimo vya Februari 2000, chombo cha angani Endeavour kilipozunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada. Kazi nzuri ajabu, na ya bure. Lakini kwa nchi zilizo nje ya Marekani tulipewa kipimo kimoja kwa kila mita 90 hivi, na vile vya kila mita 30 vilianza kutolewa mwaka wa 2014 tu. Sasa nenda Stelvio, Italia, penye kona 48 za kujikunja kwa upande wa Prato. Pale barabara inapita juu ya kichwa chake yenyewe. Kipande cha chini na cha juu vinaweza kuangukia ndani ya mraba mmoja wa vipimo, na programu haiwezi kujua uko kipi. Barabara ikiingia kwenye handaki ni kichekesho zaidi: programu inasoma kimo cha mlima ulio juu ya handaki na kukuhesabia umeupanda wote.

Kosa dogo nalo huzaa kubwa. Tuseme uko kando ya ziwa, tambarare kabisa, na faili lako la GPX lina nukta moja kila mita 10. Kila nukta ikipotoka kidogo, moja juu mita moja, inayofuata chini, basi kila mita 20 umehesabiwa kupanda mita moja. Baada ya kilomita 100 umepanda mita 5,000 bila kuona kilima! Ndiyo maana kila programu inalainisha vipimo kabla ya kujumlisha, kila moja kwa njia yake, na njia ileile moja ikapata majibu tofauti. Bila kueleza umelainisha vipi, hiyo nambari ni ya mapambo.

Halafu kuna barabara yenyewe. Hapa nina mfano unaotuhusu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kuanza kukimbia na baiskeli akiwa Kenya, alishinda Giro d'Italia ya 2018 kwa shambulio alilolifanya Colle delle Finestre, akabaki peke yake kwa karibu kilomita 80. Alichomokea kwenye changarawe, kwa sababu nusu ya juu ya mpando ule haina lami. Kwa bingwa mwenye gari la timu nyuma yake, hiyo ni nafasi ya kushinda. Kwa mtu mwenye mifuko minne na matairi membamba, ni siku ya kusukuma baiskeli kwa mikono. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, ina nafasi ya kuandika aina ya uso wa barabara, na pia kama barabara hufungwa majira ya baridi, jambo linalozikumba Iseran, Galibier na Stelvio kila mwaka kwa sababu ya theluji. Taarifa mara nyingi zipo. Ni sisi tunaoandika programu tunaoamua kutomwonyesha mtumiaji.

Wala siwezi kukubali kisingizio kwamba data bora ni ghali. Uswisi ilifungua data za ramani zake bure Machi 2021, zikiwemo vipimo vya mwinuko vya kila nusu mita. BRouter, programu huria, inapima gharama ya mapando inapotafuta njia ya baiskeli, haitafuti tu njia fupi.

Kinachonifurahisha ni kwamba suluhisho limekuwepo siku nyingi na halitumii umeme. Katika vipito vingi vya Alps ya Ufaransa, kila kilomita kuna kibao kidogo cha waendesha baiskeli kinachosema mambo matatu: uko kimo gani, zimebaki kilomita ngapi hadi juu, na kilomita inayofuata ina mwinamo wa asilimia ngapi. Basi. Mwendeshaji anasoma "asilimia 9", anakunywa maji, anabadilisha gia, anaendelea.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu ya njia, anza hapo: kilomita moja, asilimia moja, uso wa barabara, na mwezi ambao njia iko wazi. Mwulize mtumiaji uzito wa mzigo wake kabla ya kumkadiria muda. Ile jumla kubwa unaweza kuiacha pale chini kwa maandishi madogo, kwa wale wanaopenda kujisifu.