Likizo ya Mombasa Si Anasa

Kila mwaka ifikapo Desemba, huzuka maneno yale yale katika mitaa ya Makadara, Bahati na Buruburu. Mtu akitangaza kwamba atawachukua mkewe na wanawe waende Mombasa kwa siku nne, jirani hucheka na kusema, "Na hao nao wamekuwa watalii!" Mwingine huuliza kwa nini fedha hizo zisipelekwe kwa wazee mashambani, au zisiwekwe akiba kwa karo ya Januari. Maneno haya yamevaa vazi la busara, lakini asili yake si njema, na yafaa tuivue nguo hiyo tuone kilichomo.

Mitaa ya zamani ya upande wa mashariki wa Nairobi, kwa sehemu kubwa, haikujengwa kwa ajili ya mke na watoto. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kwa ajili ya mikono yake tu: mwanamume peke yake, na nafasi ya kitanda kimoja. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa kufikiria watu wenye jamaa, ulikuwa jambo la ajabu. Hata mshahara ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, na ilikuwa mwaka 1954 ndipo Kamati ya Carpenter iliposhauri kwamba mfanyakazi alipwe kiasi cha kumwezesha kutunza watu wa nyumba yake. Kwa watawala wale, likizo ya mfanyakazi ilikuwa na maana moja, yaani kurudi kwao. Mji haukuwa kwao, na bahari ilikuwa ya mabwana. Mtu asemaye leo kwamba watu wa Eastlands hawana pa kupumzikia ila shambani anakariri amri ya mabwana hao bila kujua.

Sisemi kwamba kuwazuru wazee ni vibaya. Ni wajibu, na aupuuzaye hana adabu. Walakini wajibu si mapumziko. Mama aendaye kijijini wakati wa Krismasi aghalabu huamka kabla ya jogoo, huchota maji, hupikia watu ishirini, kisha hurudi mjini amechoka kuliko alivyoondoka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, wala haikuandikwa humo kwamba azitumie kupalilia mahindi.

Hoja ya fedha ina uzito zaidi. Garimoshi la Madaraka, lililoanza safari zake mwaka 2017, lilipandisha nauli ya daraja la chini kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024. Watu wazima wawili watatumia shilingi 6,000 kwenda na kurudi, bado watoto, bado chakula na malazi. Kwa muuza nguo wa Gikomba hicho si kiasi cha kuchezea. Tena yuko mtu akopaye ili apigwe picha ufuoni, kisha Januari watoto wake warudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Huyo simtetei, yeye hakwenda likizo, alikwenda kununua picha. Lakini mbona tunaohesabu nauli ya jirani hatuhesabu fedha tuzimwagazo katika harusi ya siku moja?

Isitoshe, mengi yaliyo mazuri Mombasa hayauzwi. Aendaye kwa miguu huvuka feri ya Likoni bila malipo. Vichochoro vya Mji wa Kale havina kiingilio, na kuta za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, zaonekana hata na asiye na senti. Na liko jambo ambalo ninyi wanafunzi mnapaswa kulipenda zaidi. Mtoto wa Kayole hukijua Kiswahili sanifu kama somo la mtihani, kisha hurudi kwenye Sheng mara kengele ilipigwapo. Huko Kibokoni atamsikia mtoto wa miaka sita akimkaripia mwenzake kwa Kiswahili ambacho hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mafunzo ya namna hiyo hayamo katika kitabu chochote.

Kuhusu bahari yenyewe, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema wazi kwamba ardhi iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Hata hivyo, kandokando ya ufuo kuna ukuta baada ya ukuta, na vijia vya kupitia umma ni vichache na vyembamba. Nchini Norwe, sheria ya mwaka 1957 ilithibitisha haki ya kila mtu kutembea nyikani na pwani, na kwa kawaida ni marufuku kujenga ndani ya mita 100 kutoka baharini. Huko nako wenye mali hujipenyeza, hasa karibu na Oslo, lakini mtoto wa mfanyakazi wa Bergen ashukapo majini hajioni mwizi. Wetu huulizwa na bawabu, "Mnakwenda wapi?" Baba ameshika mfuko wa mikate, na watoto wamejificha nyuma yake. Swali hilo ni lile lile alilokwisha kuulizwa na jirani yake kule Makadara, tofauti ni kwamba bawabu analipwa kwa kuliuliza.