Ukali wa mbwa huanzia kwa anayemfuga

BANGO la 'Mbwa Kali' limekuwa sehemu ya lango la nyumba nchini Kenya sawa na kufuli na kengele. Kuanzia Karen hadi Nyali, na hata katika ploti za wapangaji, maandishi hayo hutundikwa kwa fahari, kosa la sarufi likiwa pale pale.

Kwa wenye nyumba wengi, mbwa si rafiki wa familia. Ni askari asiyedai mshahara, na ubora wake hupimwa kwa jinsi anavyowatia hofu wapita njia.

Hata hivyo, mbwa hana uwezo wa kusoma nia ya anayeingia langoni. Meno yanayonolewa kwa ajili ya mwizi huweza kumpata mtoto wa jirani aliyefuata mpira, mfanyakazi mgeni au mtoto wa mwenye boma.

Namna ukali huo unavyotengenezwa si siri. Kijibwa huletwa nyumbani akiwa mdogo, akafungwa kwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Hamjui mtu ila yule anayemtupia mabaki ya ugali, na akikosea hutandikwa kwa fimbo. Wapo hata wanaomlisha pilipili wakiamini inaongeza ukali, jambo lisilo na msingi wowote.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanaitaja hofu kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya mbwa kuuma. Kipindi muhimu zaidi katika maisha ya mbwa ni kati ya juma la tatu na la 14 hivi tangu azaliwe. Asipozoeshwa watu, watoto, sauti na wanyama wengine wakati huo, huenda akakua akimchukulia kila mgeni kuwa hatari. Akiwa amefungwa hawezi kukimbia, na njia inayomsalia ni kushambulia.

Maumivu nayo huchangia. Mbwa mpole anayeanza ghafla kuwafokea watu wa nyumbani huenda ana jeraha, sikio linalouma au ugonjwa, na anahitaji daktari wa mifugo kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya kuuma, mbwa kwa kawaida hutoa ishara. Hukaza mwili, hugeuza kichwa, hulamba midomo, kisha hunguruma. Anayempiga kwa sababu ya kunguruma hamwondolei hofu, bali humfunza kunyamaza. Mbwa wa aina hiyo ndiye anayekuja kuuma bila onyo, na watu wakashangaa.

Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na kuchapishwa 2009, uliwahoji wenye mbwa kuhusu mbinu walizotumia. Miongoni mwa waliowapiga mbwa wao ngumi au mateke, asilimia 43 walisema mnyama aliwajibu kwa ukali.

Imani kwamba ni lazima mbwa atawaliwe kwa mabavu ilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. David Mech, mwanasayansi wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza, aliikana baadaye baada ya kuwachunguza wanyama hao porini, ambako kundi ni familia ya wazazi na watoto wao.

Wengine hulaumu aina ya mbwa. Uingereza ilifuata njia hiyo kupitia sheria ya 1991 iliyopiga marufuku Pit Bull Terrier na aina nyingine. Zaidi ya miaka 30 baadaye, watu walikuwa bado wakiumwa na kuuawa, na serikali ikalazimika kuongeza XL Bully katika orodha hiyo. Tangu Februari 1, 2024, ni hatia kummiliki nchini Uingereza na Wales bila cheti maalumu.

Ukubwa wa mbwa bila shaka huamua ukubwa wa jeraha. Lakini utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulibaini kuwa aina ya mbwa hueleza takriban asilimia tisa pekee ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Kwa anayeishi na mbwa ambaye tayari ni mkali, fimbo haitamsaidia. Anahitaji ua imara badala ya mnyororo, kifunga mdomo anapotolewa nje, na mazoezi ya hatua kwa hatua yanayomtuza anapotulia mbele ya mgeni. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata yule anayesifiwa kwa upole.

Nchini Kenya suala hili lina uzito zaidi kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya binadamu kuambukizwa ugonjwa huo duniani hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra kupona. Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kuzuia maambukizi, lakini mbwa asiyeshikika hata na mwenyewe ni vigumu kumfikisha kwenye sindano.

Kisheria pia, bango la langoni si kinga kama wengi wanavyodhani. Chini ya kanuni ambazo Kenya ilirithi kutoka Uingereza, anayefuga mnyama akijua ni hatari huweza kuwajibishwa kwa madhara hata kama hakuzembea. Maandishi ya 'Mbwa Kali' yanaweza kutumiwa mahakamani kuonyesha kwamba alijua.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kutunza maslahi yao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kaunti zikitaka, leseni hiyo inaweza kutolewa kwa aliye na cheti cha chanjo pekee, na baada ya afisa kufika nyumbani kukagua iwapo mbwa ana ua au ana mnyororo tu.